Wadogo wetu wa Polytechnique, CO2 mnayotaka kuikamata haipo bado

Kila mwaka TFE (kazi za kumaliza masomo) zinaletwa na mchoro uleule wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe: tanuri la kugeuza makaa kuwa gesi, kipoza, mnara wa kukamata CO2, turbini. Mnara umechorwa vizuri sana, ila hauna cha kukamata. Inauma, maana kosa lenyewe linaepukika.

1. Makaa makavu yakikutana na oksijeni ya asilimia 95, kwa bar 30 na nyuzi 1400 na zaidi, gesi inayotoka ina CO (monoksidi ya kaboni) karibu asilimia 60 na hidrojeni karibu 30. CO2 ni asilimia chache. Mnara ukikaa hapo, kaboni karibu yote inaupita ikiwa CO, inaungua kwenye turbini na kwenda hewani. Igeuzeni kwanza kwa mvuke: CO + H2O → CO2 + H2.

Wakishalijua hilo, wengi wanachukua kichocheo (kitu cha kuharakisha mmenyuko) cha shaba na zinki kwa kuwa wamekiona kwenye viwanda vya amonia. Shaba inaharibika salfa ikizidi takriban sehemu 0.1 kwa milioni, na gesi ya makaa yenye salfa nyingi ina maelfu. Mtasema: tuondoe salfa kwanza. Sawa, lakini ili kuiosha mtaipoza gesi hadi karibu nyuzi 40, mvuke wote ugeuke maji, kisha mtengeneze mvuke mwingine. Huo ni umeme mnaoutupa. Chukueni kobalti na molibdeni: hicho kinafanya kazi kikiwa salfidi, yaani kimeungana na salfa, kwa hiyo kinaitaka hiyo salfa. Kobalti, jamani! Inachimbwa Kolwezi, nanyi mnaisahau?

Mmenyuko huu unatoa kilojuli 41 kwa moli. Wekeni vitanda viwili vya kichocheo na kipoza katikati. Cha kwanza kinaingia karibu nyuzi 250 na kinaweza kupita 450. Kwenye joto hilo CO inagoma kugeuka yote, na cha pili, kikiwa baridi zaidi, kinamalizia. Mvuke uwe kama moli 2 kwa moli moja ya CO. Mkiubana, methani inaanza kuundwa na joto linapaa.

2. Sasa CO2 imefika karibu asilimia 40. Kwa bar 30, mgandamizo wake peke yake ni bar 12, wakati kwenye moshi wa mtambo wa kawaida haufiki 0.15. Ndiyo maana Selexol, kimiminika kinachoyeyusha CO2, inatosha: punguza mgandamizo, CO2 inatoka. H2S, gesi yenye ile salfa, itolewe kwanza, kando.

3. CO2 ikaushwe kabla ya bomba. Ikibaki na maji inakuwa asidi na kula chuma.

4. Msinakili uchambuzi wa makaa ya Illinois, Marekani. Mkitumia ya Luena, Katanga, pimeni salfa yake na joto la kuyeyuka kwa majivu yake, ndipo mpange chokaa ya kushusha joto hilo.

5. Andikeni hasara wazi: ufanisi wa mtambo unashuka pointi za asilimia 7 hadi 10. Kemper, mtambo wa umeme kule Mississippi, waliacha gesi ya makaa mwaka 2017 gharama ikiwa imepita dola bilioni 7. Kiwanda cha Beulah, North Dakota, kinapeleka CO2 kwenye visima vya mafuta vya Weyburn, Kanada, tangu 2000, lakini kile ni kiwanda cha kutengeneza methani, si cha umeme. Msikitaje kama mfano wa umeme mbele ya jury.