Kutoka Malindi hadi Cinque Terre

SWALI: Salaam, mi niko Malindi, dadangu anaishi Genoa, Italia, kanialika mwezi wa 9, nataka sana kuona vijiji vya Cinque Terre huko pwani ya Italia, nianzie wapi?

JIBU: Kaka, mwezi mzuri huo, bahari bado ina joto na msongamano wa Agosti umepungua. Panda treni Genoa ushuke Monterosso, kimojawapo cha vijiji hivyo, ndo penye ufuo wa mchanga wa maana, kwengine ni miamba tu usitarajie ufuo kama wa Silversands hapo Malindi. Vijiji ni 5 na treni inasimama vyote, ila Corniglia iko juu, ngazi zapita 370 toka stesheni, beba maji! Kijiji cha Manarola tazama zile kuta za mawe za mashamba ya mizabibu, kazi ya mikono ya karne nyingi, mi hapo ningekaa hata saa nzima. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, omba mapema, usingoje siku 15 za mwisho.