Nilianza na mnyororo

Mhariri, wiki hii umetuuliza maswali mawili kwa mpigo: wikendi ndefu tuliitumiaje, na tukienda likizo tunamwachia nani wanyama wetu. Kwangu swali la pili ndilo lililokula siku zote tatu za lile la kwanza.

Nilikuwa na orodha yangu. Bomba linalovuja, mapazia ya kufua, makaratasi ya kupanga. Bomba nililimaliza asubuhi ya siku ya kwanza na mapazia yakafuata. Makaratasi yapo palepale, na sioni haraka. Kisha binti yangu akaniuliza safari hii Popi atafungwa wapi, hapo orodha ikaishia.

Likizo iliyopita tulisafiri siku nane. Kijana wa jirani aliahidi kuja asubuhi na jioni kumpa mbwa chakula na maji, na alikuja kweli, sina la kumlaumu. Mimi ndiye niliyemfunga Popi mnyororo ili asitoroke, nikaondoka na moyo mweupe. Tuliporudi alinirukia kama kawaida yake. Nilipomshika shingoni mkono wangu ukatoka umelowa. Mkanda ulikuwa umemchubua hadi nyama ikaonekana, na manyoya yamegandia kwenye kidonda. Bakuli lake lilikuwa limejaa.

Lile bakuli lililojaa ndilo linalonisuta hadi leo. Mwaka 1965 nchini Uingereza, kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Brambell ilichunguza jinsi mifugo inavyofungiwa katika ufugaji wa kibiashara. Ikasema kwamba mnyama, hata iweje, apate nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutokana na maneno hayo zikaja kutungwa zile zinazoitwa haki tano: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au maradhi, asiishi kwa hofu, na aweze kufanya yale ambayo maumbile yake yanamtuma. Wao waliwaza kuku, ndama na nguruwe. Mimi nilisoma nikamwona Popi. Nilikuwa nimetimiza haki moja kati ya tano, tena kwa mkono wa mtoto wa mwenzangu.

Kwa hiyo siku ya pili ilikuwa ya uzio. Popi ni mchimbaji, na chini ya uzio wetu mlikuwa na matundu ambayo nimekuwa nikiyapita mwaka mzima. Nilifukia, nikapanga mawe, nikafunga waya, jua likazama nikiwa bado nimepiga magoti. Mgongo ulinijulisha umri wangu. Lakini sasa anaweza kuzunguka ua mzima, akachagua mwenyewe kivuli cha kulala.

Nilipotafuta cheti chake cha chanjo (ndani ya yale makaratasi, bila shaka) nikakuta muda umepita. Hapo nilitokwa na jasho. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mgonjwa, ni nadra mno kupona. Nami nilikuwa tayari kumkabidhi mtoto wa watu mbwa huyo. Nimepanga siku na daktari wa mifugo, na tarehe ya safari imesogea ili kuipisha.

Siku ya tatu niliandika karatasi ya mwangalizi. Mwanzo ilikuwa mistari mitatu, ikaishia kurasa mbili. Popi asipewe kitunguu wala chokoleti, ni sumu kwake. Asiachwe ndani ya gari hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema, jasho lake ni la nyayoni tu. Sehemu ndefu zaidi inamhusu paka wetu, bibi kizee ambaye akiumwa hujificha na kunyamaza. Paka akikaa siku kadhaa bila kula ini lake linaweza kuharibika, basi nimeandika kwa herufi kubwa: ASIPOKULA SIKU NZIMA, NIPIGIE, USINGOJE KESHO.

Kuhusu mipango ya likizo yenyewe, kuna mambo mawili nimeyafuta: kupanda tembo, na kupiga picha tukiwa tumempakata mtoto wa simba. Binti yangu ndiye aliyekuwa ameyachagua, ikabidi nimweleze. Tembo hazaliwi akimkubali mtu mgongoni; mara nyingi hutenganishwa na mama yake akiwa mdogo, akafungwa na kupigwa mpaka atii. Mtoto wa simba naye huondolewa kwa mama mapema ili azoee mikono ya wageni, na baada ya miezi michache anakuwa mkubwa mno kwa kazi hiyo. Tutawatazama porini kwa darubini. Wakitokea, wametokea.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na Popi je? Si tulimtoa kwa mama yake?"

Nilimwambia mbwa ameishi na watu kwa zaidi ya miaka elfu kumi, kwamba Popi alikuwa ameshaacha kunyonya, kwamba kwetu hapigwi. Yote kweli. Akanitazama vile watoto wanavyotazama mtu mzima anayezunguka swali, akaenda zake uani kucheza naye. Bado sijapata jibu ambalo ningempa bila kutazama pembeni.

Jioni ile mwangalizi alikuja kufanya majaribio, akakaa na Popi saa mbili, mimi nikijifanya sipo. Hitilafu ilikuwa moja tu: geti halishiki vizuri. Nimelifunga kwa ule mnyororo.