Upinde mrefu au rikavu kwa kuwindia? Nimetumia zote mbili, haya ndo niliyoyaona

Kila anayeanza kuwinda na upinde wa asili, yaani ule usio na magurudumu wala saiti (kifaa cha kulengea), kuna siku anakwama kwenye swali moja: nichukue upinde mrefu au rikavu? Mi nimelizunguka hili swali miaka mingi, nilianza na rikavu, nikahamia kwenye upinde mrefu, baadaye nikarudi tena rikavu, na sasa hivi ninazo zote mbili na kila moja ina siku zake za kutoka.

Kwa asiyezijua tofauti, upinde mrefu ukiufunga ugwe (ile kamba yake) unapinda upande mmoja tu kama mwezi mchanga, na ugwe unagusa mabawa, yaani zile sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mshikio, kule kwenye ncha basi. Rikavu ncha zake zinageuka tena kwenda mbele, mbali na wewe, kwa hiyo ugwe unalala juu ya mabawa inchi kadhaa kabla ya kufika mwisho. Ukivuta, zile ncha zinajikunjua na zinakuongezea nguvu, ndo maana rikavu fupi inaweza kurusha mshale sawa na upinde mrefu au hata kuupita kidogo.

Sasa watu wengi wanaishia kwenye hiyo spidi. Utasikia rikavu ina spidi, upinde mrefu ni wa wazee. Nami nilinunua ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo, rikavu ya urefu wa inchi 58, paundi 55 (hizo ndo nguvu unayohitaji kuuvuta), niliona nikipata yenye nguvu nitakuwa nimemaliza kazi. Uwanjani nikiwa nimepasha mwili moto niliivuta vizuri tu. Halafu nikaenda kumwotea nguruwe pori, nimekaa kimya zaidi ya saa mbili, baridi imeingia mpaka kwenye vidole, akatokea hatua kama 20 hivi mbele yangu, nikainua upinde na mkono haukufika. Nilikuwa na mazoea ya kuvuta mpaka kidole kiguse kona ya mdomo, siku hiyo kiliishia chini ya kidevu huko na nikaachia hivyo hivyo. Mshale ukampata pajani. Nilifuata damu mpaka giza likaingia, asubuhi nikarudi nikaendelea, sikumpata. Yule mnyama sijamsahau mpaka leo, na ndo sababu ya mimi kuandika yote haya, maana kosa lenyewe halikuwa rikavu wala si upinde mrefu, lilikuwa ni kuchagua upinde ambao siwezi kuuvuta nikiwa nimepoa.

Kwa hiyo kabla hujafikiria umbo, malizana kwanza na paundi. Kwa mnyama wa ukubwa wa paa au nguruwe wa kawaida, paundi 40 mpaka 50 zinatosha kabisa kama mshale wako ni mzito wa kutosha na chembe, ile ncha ya chuma ya mshale, imenolewa ikanoleka. Na zile paundi zilizoandikwa kwenye upinde zimepimwa ukivutwa inchi 28. Kama mikono yako ni mifupi na unavuta inchi 26, toa kama paundi 2 hadi 3 kwa kila inchi iliyopungua, ina maana upinde ulioandikwa 45 wewe mikononi unao kama 40. Ukivuta zaidi ya 28 zinaongezeka vivyo hivyo. Wengi hawalijui hili wanalinganisha pinde mbili kwa namba tu. Halafu angalia sheria za unapowinda, kuna sehemu upinde hauruhusiwi kabisa, sehemu nyingine zimeweka kiwango cha chini cha paundi na aina ya chembe, usije ukanunua kitu halafu huwezi kwenda nacho porini.

Turudi kwenye spidi. Chukua pinde mbili za paundi sawa na mshale mmoja, rikavu itaupita upinde mrefu kwa futi 5, 10, pengine 15 kwa sekunde. Tuseme mmoja unarusha futi 170 na mwingine 180. Umbali wa mita 18, ambao kwangu ndo mwisho, mshale wa kwanza unafika kwa sekunde 0.35 hivi na wa pili 0.33. Tofauti ni sehemu mbili za mia za sekunde!! Wakati huo huo sauti ya upinde inamfikia mnyama kwa sekunde 0.05. Yaani ameshasikia kitambo, mshale bado uko njiani, na mnyama mwenye wasiwasi muda huo unamtosha kushuka chini au kugeuka. Ukishaelewa hapo utaacha kutafuta upinde wenye spidi, utaanza kutafuta upinde usio na kelele.

Na kwenye kelele upinde mrefu unashinda, kwangu hilo halina mjadala. Ugwe hauna pa kupiga, unatoa mlio mdogo mzito umeisha. Rikavu ule ugwe unarudi unachapa mabawa, pale panapolala, unasikia kama kofi. Inatulizwa, unafunga vishada vya sufu au manyoya kwenye ugwe, unabandika kitambaa laini pale ugwe unapogusa, unaukaza au kuulegeza ugwe kwa kuusokota mpaka upate ile nafasi kati ya ugwe na mshikio ambayo upinde unanyamaza (rikavu nyingi ni inchi 7 na nusu mpaka 8 na nusu, upinde mrefu ni kama 6 na nusu mpaka 7 na kitu). Rikavu yangu ya sasa nilihangaika nayo wiki nzima, nasokota mara tatu, napiga, nasikiliza, nasokota tena, ila mwishoni imekuwa kimya karibu sawa na ule mrefu. Upinde mrefu siku ya kwanza tu ulikuwa hivyo.

Kitu kingine kinachopunguza kelele kwenye zote mbili ni mshale mzito. Mi natumia kama greni 10 (kipimo kidogo cha uzito) kwa kila paundi ya upinde, kwa upinde wa 45 ni greni 450, karibu gramu 29. Mshale mwepesi unaacha nguvu nyingi kwenye upinde na ile nguvu inageuka mtikisiko na mlio, tena ukimfikia mnyama hauingii ndani kama mzito.

Sasa urefu. Hapa ndo penye uamuzi wenyewe kwa wengi wetu na ndo panapozungumzwa kidogo. Upinde mrefu wa kuwindia ni inchi 64 mpaka 68 au zaidi, rikavu ya kuwindia ni 56 mpaka 62. Inchi 8 mezani unaziona si kitu, ila kaa ndani ya kibanda cha kuvizia, piga magoti, au panda juu ya mti ukae kwenye jukwaa halafu ujaribu kugeuka na upinde wa inchi 68 mkononi. Ncha ya chini inagonga goti, ya juu inanasa kwenye tawi. Kuna siku nilikosa hata kuachia kwa sababu ncha ya chini ilikuwa imegusa ubao wa jukwaa, na mnyama alikuwa karibu kiasi kwamba namsikia akitafuna. Hata zamani mambo yalikwenda hivyo hivyo, wapanda farasi wa Mongolia na Uturuki walitengeneza pinde fupi zilizogeuka ncha, za pembe, mbao na kano, kwa sababu juu ya farasi upinde mrefu unakusumbua, wakati Waingereza waliopigana kwa miguu walikuwa na pinde zinazokaribia mita 2, zimepatikana zaidi ya 130 kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza iliyozama mwaka 1545. Kila mtu alishika umbo lililofaa pale aliposimama.

Ila ufupi nao una gharama yake. Upinde mfupi ukiuvuta mpaka mwisho ugwe unatengeneza kona kali na unabana vidole, hasa kama mikono yako ni mirefu. Mtu anayevuta inchi 30 akichukua rikavu ya inchi 56 atabanwa vidole, uachiaji wake utakuwa mchafu na mishale itatawanyika, atajilaumu bure. Mtu huyo achukue rikavu ya 62 au 64, au aende upinde mrefu kabisa. Mwenye mikono mifupi kama mimi anaweza kuishi na 58 bila shida.

Halafu kuna kusamehe. Mabawa ya upinde mrefu ni membamba kwa upana lakini yana unene, hayapendi kujipinda pembeni, kwa hiyo ukishika vibaya kidogo au ukiachia ovyo kidogo mshale bado unakwenda karibu na ulipotaka. Mabawa ya rikavu ni mapana na ni mepesi, ukikamua mshikio kwa woga (na mnyama akitokea utaukamua, hakuna asiyekamua) mshale unatoka pembeni. Kwa upande mwingine mshikio wa rikavu ni mzito, una umbo linaloingia kiganjani, upinde unatulia ukilenga, na ukiachia hauruki. Upinde mrefu ni mwepesi kuubeba kutwa nzima mpaka unasahau kama umeushika, lakini ukiachia unakurudishia mtikisiko mkononi, mingine inafika mpaka kwenye kiwiko. Nilipouanza niliushika kama rikavu, kiganja kikiwa juu, nikawa naumia. Mzee mmoja tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi akaniambia shusha kiganja, ushike kama umebeba begi lenye uzito, kisigino cha mkono kikandamize chini. Siku hiyo hiyo mtikisiko ukapungua na mishale ikajikusanya. Namshukuru sana.

Kwenye utunzaji sina mengi. Rikavu nyingi zinafunguka vipande vitatu, unaziweka kwenye begi, unaweza kubadilisha mabawa ukaanza na paundi 35 halafu ukapanda taratibu bila kununua upinde mwingine, na hilo kwa mtu anayeanza ni jambo kubwa mno. Upinde mrefu mara nyingi ni kipande kimoja. Zote usiziache ndani ya gari juani, gundi inaachia. Zote usivute ukaachia bila mshale, zinavunjika. Na rikavu usiifunge ugwe kwa kupitisha mguu katikati na kuikunja kwenye paja, niliwahi kufanya hivyo nikiwa na haraka bawa likajipinda, tumia ile kamba ya kufungia, ni kitu kidogo kinakaa mfukoni. Kama upinde ni wa zamani usiuvalishe ugwe wa kisasa usiovutika, zile ncha hazikutengenezwa kwa mshtuko huo, tafuta ugwe wa Dacron, ule wa poliesta unaovutika kidogo.

Mishale ya zote mbili iwe na manyoya halisi ya ndege, siyo plastiki, kwa sababu mshale unapita ukigusa mshikio na unyoya halisi unalala, plastiki inausukuma mshale nje. Chembe ziwe za makali mawili, zinyoe nywele za mkono, kama hazinyoi rudi ukanoe.

Sasa mi ningekushauri nini? Kama uwindaji wako ni wa kukaa, kibandani au juu ya mti, na umbali unaujua tayari, chukua rikavu inayofunguka, inchi 60, paundi 40 au 45, na utenge muda wa kuinyamazisha. Kama unatembea, unanyatia kwenye vichaka, unapiga ukiwa umeinama au umesimama kwa mguu mmoja juu ya gogo na huna muda wa kutulia, chukua upinde mrefu, utakusamehe mambo mengi ambayo rikavu haiyasamehi. Mi nikiwa natembea natoka na ule mrefu. Nikienda kukaa nabeba rikavu. Na kama ningelazimishwa kubaki na mmoja tu ningebaki na ule mrefu, najua wengi hawatakubali, ila mimi napenda kutembea na naogopa kujeruhi kuliko ninavyopenda kufika mbali.

Lakini usinunue kwa maneno yangu. Azima zote mbili kama unaweza, ukae na kila moja wiki mbili, na kila asubuhi kabla hujanywa chochote, kabla hujanyoosha hata bega, toka nje upige mshale mmoja tu mita 15. Mmoja. Weka alama ulipotua, urudi ndani. Mazoezi mengine ya mchana fanya kama kawaida lakini usiyahesabu, kwa sababu porini hakuna mshale wa kupasha moto, unaoupiga ni ule wa kwanza ukiwa umepoa. Mimi nilipofanya hivyo mishale 14 ya rikavu, 9 ilikuwa ndani ya duara la ukubwa wa sahani, ya upinde mrefu zilikuwa 12, na ile miwili iliyotoka nje ilikuwa ya siku mbili za kwanza.

Ile rikavu ya paundi 55 bado ninayo. Nilinunua mabawa mengine ya 43 nikayafunga kwenye mshikio ule ule, na hayo ndo ninayotoka nayo.