Mume wangu ameikata kadi yangu kwa mkasi

*Shangazi, nimeolewa miaka 9. Mwezi uliopita mume wangu aliikata kadi yangu ya mkopo kwa mkasi mbele ya watoto, eti tuishi kwa tulicho nacho. Deni lenyewe dogo, riba asilimia 2 tu kwa mwezi, na kima cha chini cha kulipa kila mwezi, asilimia 3 ya deni, sijawahi kukosa kulipa. Anatiwa maneno na mama yake. Juzi hata mzigo wangu ulioletwa ameufungua bila ruhusa. Sina kadi, sina hela mkononi, sina uhuru. Nifanyeje?*

Pole, mwanangu. Kuaibishwa mbele ya watoto kunauma, na hapo mumeo alikosea. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mkasi umo, mama mkwe yumo, kiasi cha deni hakimo. Mwenye deni dogo hulitaja. Halafu huo mzigo wa juzi: kadi imekatwa mwezi uliopita, hela mkononi huna, ulilipiwa na nini? Ama namba ya kadi ile bado imehifadhiwa kwenye simu yako, maana kukata plastiki hakufungi akaunti, ama ipo kadi ya pili ambayo mumeo haijui. Mimi nasema ipo. Mumeo alipoufungua mzigo alikuwa akitafuta risiti.

Tuje kwenye hiyo "asilimia 2 tu". Deni lisiloguswa, kwa riba hiyo, huwa maradufu ndani ya miaka 3. Wewe unaligusa, sawa. Unalipa asilimia 3, riba inameza 2, deni linapungua 1. Kwa mwendo huo, usiponunua tena hata sindano, utafika nusu ya deni baada ya karibu miaka 6. Nusu, bibie! Kima hicho kimewekwa na anayekudai; ulidhani anakuonea huruma? Na kama unachota fedha taslimu kwenye kadi moja ili kuituliza nyingine, riba yake kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ileile.

Mama mkwe wako simjui, ila niambie amesema uongo gani. Kadi hizi ni za juzi tu, ile ya Diners Club ya Marekani, miongoni mwa za mwanzo, ilitoka 1950. Watu walikopa tangu zamani, sikatai, lakini mdai ulimjua kwa sura, na aibu ya kukutana naye njiani ilikuzuia kuongeza. Kadi haina macho. Ndoa za siku hizi nazo! Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na nywila yake, na benki inamjua mke kuliko mumewe anavyomjua. Mficha uchi hazai, wahenga hawakusema ovyo.

Leo watoto wakishalala, weka taarifa za kadi zote mezani, na ile ya pili. Futa namba zilizohifadhiwa kwenye simu. Andikeni riba ya kila deni: lenye riba kubwa mlipieni zaidi ya kima, mengine yapate kima chake. Likiisha moja, piga simu akaunti ifungwe.

Lile la kukuaibisha mbele ya watoto mwambie pia, lakini akishaziona taarifa, si kabla.