Usinitumie GB kumi na nne, nitumie ulichokijaribu

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili aliinama juu ya sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota, akasoma kipimajoto, akanigeukia. "Madam, yamegoma kwenye tisini na sita." Nikasogea. Nikafuta mvuke kwenye kioo cha kipimajoto, nikasubiri dakika mbili, nikasoma mwenyewe. Tisini na sita. Nikamwambia aandike 100, kipimajoto chetu kimezeeka. Akaandika.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inapungua na maji yanachemka mapema, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Piga hesabu uone unafika wapi. Video niliyoipakua usiku kwa bando la ofa ilisema 100, kitabu kilisema 100, na vyote vilikuwa sahihi kwa mtu aliyesimama ufukweni. Mimi nimezaliwa Kongwa na ninafundisha humuhumu mkoani Dodoma, sijui nilidhani niko wapi.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu kila wiki kuna mwalimu ananiandikia: "Madam, vitu vyako vya sayansi unavitoa wapi?" Anategemea nimpe viungo vya tovuti. Nitavitaja, havina siri. Ila mtu akinitumia kiungo siku hizi, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni kama amekijaribu, na kilimtokeaje.

Mwanzoni na mimi nilikuwa mkusanyaji. Nilipokuwa nikienda mjini, nilikuwa natafuta mahali penye mtandao mzuri karibu na Nyerere Square, nakaa na kompyuta hadi betri inakata. Nilijaza flashi GB 14: video, vitabu, maswali, "notisi" za kila mada kutoka kila pembe ya dunia. Nikawanakilia wenzangu wote wa idara kwa moyo mweupe. Baada ya muhula mzima nikauliza nani amefungua nini. Mmoja alifungua folda ya katuni za watoto, akamwekea mwanawe. Mwingine aliipeleka flashi kuchapa mtihani mahali fulani mjini, ikarudi na kirusi, folda zote zimegeuka shotikati. Huo ndio mchango wangu wa mwaka ule kwa sayansi ya Tanzania.

Sasa kuhusu kutafuta. Ukiandika jina la mada peke yake utaletewa bahari, na nusu yake ni maabara za shule za Marekani zenye mabomba ya gesi kwenye kila meza. Mimi naandika jina la mada kwa Kiingereza, halafu naongeza jina la kifaa nilichonacho: chupa ya plastiki, sindano, puto, mshumaa, betri ya redio. Hapo ndipo unakutana na watu wanaofundisha katika mazingira kama yako. Ndivyo nilivyomfahamu Arvind Gupta, Mhindi ambaye maisha yake ameyatumia kutengeneza vifaa vya sayansi kwa takataka. Anaunganisha njiti za kiberiti kwa vipande vya ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, anapata pembetatu, mchemraba, hata umbo la molekuli. Video zake ni fupi, hazimalizi bando. Nilikwenda kwa fundi baiskeli wa pale senta nikaomba mita moja ya mpira wa valvu. Akaniuliza nina baiskeli ngapi.

Kwa fizikia, mkombozi wangu ni PhET, majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Kilichonivuta zaidi ya sifa hizo ni kwamba jaribio unalipakua kama faili moja, mara nyingi la MB chache tu, na baada ya hapo halihitaji intaneti kabisa. Baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Unaweza kulirusha kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu.

Hapa niseme kitu ambacho sikuambiwa na mtu. Ukilipokea faili hilo na kuligusa tu, simu inaweza kulifungua kwa kisomaji chake cha ndani na ukabaki unatazama kioo cheupe. Usilifute, wala usimlaumu aliyekutumia. Chagua lifunguke kwa Chrome au kivinjari kingine. Niliwahi kupoteza kipindi kizima mbele ya wanafunzi 52 kwa ajili ya kioo hicho cheupe, na walikuwa wamekaa kimya kwa heshima, jambo lililoniumiza kuliko kama wangecheka.

Jaribio la PhET la sakiti, yaani njia ya umeme, ndilo ninalolitumia zaidi. Sina projekta, kwa hiyo naomba simu za walimu wenzangu wawili, naongeza yangu, nagawa darasa: makundi matatu yako kwenye simu, yanayobaki yana betri, nyaya na balbu za tochi, halafu wanabadilishana. Usifanye kosa la kuwapa simu peke yake. Kwenye kioo betri haiishi na waya haulegei. Mtoto atakuambia anajua sakiti sambamba, halafu ukimpa balbu ya kweli isiyowaka anabaki anaitazama. Kujua kwamba waya umelegea nayo ni fizikia, na PhET haikufundishi hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, anzia hapo kabla hujaenda ng'ambo. Fomati za mitihani zichukue kwa Baraza la Mitihani lenyewe, usichukue picha iliyopigwa picha tena na tena. Shule Direct ni ya hapahapa nyumbani na inafuata masomo yetu ya sekondari. Walimu wa msingi, Ubongo Kids ipo kwa Kiswahili tangu 2014 na watoto wanaipenda. Siyavula ya Afrika Kusini ina vitabu vya sayansi na hisabati vyenye leseni huria. Kama shule ina kompyuta hata moja nzima, muulize mtu wa TEHAMA kuhusu Kolibri, programu ya maktaba ya masomo: unaipakia mara moja, au unanakili kutoka kwa mwenye nayo kwa flashi, kisha simu na kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo ndani ya darasa bila intaneti. Na chochote unachokipata, angalia kiliandikwa kwa mtaala gani. Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, kuna notisi za zamani zinazunguka zikiwa zimevalishwa jalada jipya, mada ni zilezile za mtaala wa zamani.

Niingie jikoni sasa.

Nilikuwa natafuta namna ya kufundisha asidi na besi bila karatasi za litimasi (zile zinazobadilika rangi kuonyesha hii ni asidi au besi), maana zetu zilikuwa zimekwisha na zilizobaki zilishaingia unyevu. Kila video ilinielekeza kwenye kabichi la zambarau. Nikaenda soko la Majengo, nikazunguka meza hadi meza. Mama mmoja aliniuliza, "Zambarau? Mwanangu, hilo si limeoza?" Nikarudi mikono mitupu, na njiani nikapishana na akina mama wanauza zabibu kando ya barabara. Nikasimama katikati ya jua, nikajiona mjinga. Rangi inayobadilika kwenye kabichi lile ni antosiani, na antosiani hiyohiyo ndiyo inayolipa ganda la zabibu nyeusi rangi yake. Mkoa mzima unalima kiashiria, kitu cha kuonyesha asidi na besi kwa rangi, mimi nahangaikia kabichi.

Tulimenya zabibu za shilingi elfu mbili (nyama yake ilipotelea kwa wanafunzi, sikuuliza), tukatwanga maganda kwenye kinu na maji kidogo, tukachuja kwa chujio la chai. Glasi ya limau: nyekundu ya kung'aa. Ukwaju: nyekundu vilevile. Maji ya majivu yaliyotulia: kijani iliyofifia, na darasa likapiga kelele, maana majivu wanayaona kila siku na hakuna aliyewahi kuyashuku. Kwenye magadi ndipo video zilipotuacha. Binti mmoja alitia kijiko, kikatoa povu, rangi ikabaki ileile. "Madam, yanachemka?" Akatia tena, povu. Mara ya tatu povu likapungua, na ndipo rangi ilipoanza kugeuka, buluu chafu, kisha kijani. Zabibu zenyewe zina asidi. Magadi yalikuwa yanaimaliza hiyo kwanza na kutoa kaboni dayoksaidi, na mpaka iishe huoni mabadiliko. Sikuwa nimepanga kufundisha mmenyuko wa asidi na kabonati siku ile. Ulijileta wenyewe, nikauandika ubaoni.

Jioni niliandika maelezo mafupi, kama nusu ukurasa. Zabibu nyeusi, za kijani hazifai. Maji yasizidi, rangi inapauka. Juisi ya dukani ya zabibu usithubutu, nyingine ina rangi ya kutiwa. Magadi utaongeza mara mbili tatu, tegemea povu. Itumie siku hiyohiyo, ukiiacha inachacha. Nikaambatanisha picha nne za glasi, nikatuma kwa walimu watano. Wanne walilifanya jaribio ndani ya mwezi ule. Linganisha na ile flashi ya GB 14.

Tangu hapo nina sheria yangu ya kugawana. Kitu kimoja kwa mara moja, na kiende na karatasi yake: nilitumia nini, wanafunzi wangapi, dakika ngapi, wapi kilikwama. Hilo la mwisho ndilo walimu tunaloficha, kwa sababu tunaogopa kuonekana hatujui, na ndilo mwenzako analolihitaji kuliko yote. Jina la faili liseme kilichomo. "Doc mpya final 2" haina msaada kwa mtu anayetafuta usiku wa manane akiandaa andalio la somo. Ukituma picha au video kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo programu inaibana ubora wake na namba kwenye kipimajoto hazisomeki. Na usiliachie kundi la WhatsApp kazi ya kuwa kabati. Faili usilolipakua likikaa sana haliji tena, na lililopakuliwa linazikwa chini ya salamu za asubuhi na michango ya harusi. Sisi tuna folda moja ya pamoja mtandaoni, na nakala kwenye flashi mbili zinazokaa shuleni na haziendi kuchapisha mitihani.

Halafu jina la mwenyewe lisifutwe. Baadhi ya vitu nilivyotaja, kama vya PhET na Siyavula, vimetolewa kwa leseni za Creative Commons, yaani mwenyewe amekuruhusu kutumia na kugawa, ila mtaje aliyetengeneza. Nalisemea hili kwa uchungu. Niliwahi kuuziwa notisi zangu mwenyewe. PDF ya elfu mbili, jalada lenye picha ya darubini, ndani yake yamo hata makosa yangu ya tahajia. Sikugombana na mtu. Siku hizi chini ya kila ukurasa naandika wilaya, mwaka, na neno "bure", ili anayeuziwa ajue.

Yule mwanafunzi wa nyuzi 96 alishamaliza shule. Nilimtafuta nikamwambia alikuwa sahihi, akacheka, akasema alijua. Nikaandika jaribio lile upya na karatasi yake, nikaituma kwa walimu wenzangu niliokuwa nao chuoni, nikawaomba kila mmoja achemshe maji ya kwao na kunitumia picha ya kipimajoto. Wa Tanga alituma picha kioo kikiwa karibu kabisa na 100. Wa Mbeya, kama mita 1,700 juu, alipata 94, na akaandika pembeni kwamba wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kukilaumu kipimajoto. Wangu sasa wanachora grafu kwa namba hizo, mwinuko upande mmoja, nyuzi upande mwingine, na mstari unateremka vizuri kuliko nilivyotegemea. Jedwali lina nafasi ya Njombe, bado iko wazi. Kama unafundisha huko na una sufuria, unajua la kunitumia.