Mpishi anayeweza kukataa debe

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa chakula katika shule ya msingi moja wilayani Chamwino. Wazazi wanachanga mahindi na maharage, wapishi ni akina mama watatu wa hapa hapa kijijini. Ofisa afya ametutembelea, akasema jiko letu halijafikia viwango na wapishi wapewe mafunzo. Kamati inataka kuwaondoa iajiri mwenye cheti kutoka mjini. Hela ya mafunzo hatuna. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Iombe kamati isubiri. Nimepika shule ya bweni hapa Dodoma miaka 19, na cheti nilikipata mwaka wa 14. Kilinisaidia sana. Ila kosa langu kubwa jikoni nililifanya kwa sababu sikuwa na sauti.

Msimu huo mvua ilikuta mahindi bado yamelala shambani. Mzazi akaleta madebe mawili. Nilipochota kwa kiganja niliona ukungu wa kijani kwenye kitovu cha punje, na harufu kama ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Nikamwambia mtunza stoo. Akanijibu, "Mama, kazi yako kupika." Yakamwagwa pamoja na ya wengine, nami nikapika makande. Hakuna mtoto aliyeugua siku ile. Hilo halijaniacha hadi leo, maana madhara ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, yanaweza kujijenga mwilini kimya kwa miaka. Na ikiwa nyingi, inaua: mwaka 2016 ilichukua watu Dodoma hii hii na Manyara, kwa mahindi ya majumbani mwao. Moto wa jikoni hauimalizi, hata uchemshe makande kutwa nzima.

Kwa hiyo somo la kwanza la wapishi wako lifanyike mlangoni mwa stoo, siku ya kupokea. Tandika mkeka, leta ungo, kila debe lipembuliwe kabla halijachanganywa na la jirani. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa, yenye ukungu, itoke. Kisha unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni usiozidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, kwa hiyo mkibaki na shaka, msipike.

Halafu andikeni kwenye muhtasari wa kamati: debe likikataliwa na mpishi, limekataliwa. Najua ni vigumu kumrudishia jirani debe lake, tena mwaka wa njaa. Mpokeeni pembeni, si mbele za watu, na akiwa na uwele au mtama mzuri alete huo. Lililokataliwa lisiishie kwa kuku wala kwenye pombe.

Mengine unayajua: wapimwe afya kila miezi sita, kibuyu chirizi na sabuni vikae mlango wa jikoni, chakula kilichoepuliwa kisikae zaidi ya saa mbili.

Kuhusu cheti, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, uulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanampima aliyejifunzia kazini, wanamfundisha pale alipopungukiwa, kisha anatunukiwa. Kamati ikichangia nauli, itakuwa imetumia vizuri kuliko kumleta mgeni asiyejua mlenda unavyopikwa kwenu. Na ofisa lishe wa halmashauri mwombeni nusu siku, aje afundishe hapo hapo, kwa masufuria yenu.

Ofisa afya akirudi, wewe usimweleze kitu. Mwache yule mama mkubwa kuliko wote aishike chupa ya chumvi, aitikise mbele yake.