Paka wangu hawataki kuonana tangu mmoja atoke kwa daktari

Pole dada wa Nkuhungu. Unasema paka wako jike amerudi kutoka kufungwa kizazi, na mwenzake waliyekua pamoja anamfokea kama hamjui. Ni kweli hamjui. Paka hutambuana kwa harufu kuliko sura, na huyu amerudi ananuka spiriti, dawa na paka wa watu.

Mtenge chumba chake siku mbili tatu, na maji na boksi la mchanga. Usimwogeshe, kidonda hakitaki maji. Chukua kipande cha kanga kuukuu, msugue mmoja mashavuni, ukitandike anapolala mwenzake, kisha ufanye hivyo kwa wa pili. Dagaa wape wakati mmoja, kila mtu upande wake wa mlango uliofungwa. Wangu hapa Kisasa walianza kwa kunguruma. Siku ya tatu nikaona mguu umepenyezwa chini ya mlango, kucha zimefichwa, unatafuta mkia wa mwenzake. Hapo ndipo nikaanza kufungua, dakika chache chache.

Wakirukiana usiingize mkono (nina kovu), pitisha mto katikati. Na kama mgonjwa hataki kula, au mshono umevimba, mrudishe kwa daktari. Huenda na yeye anafoka kwa maumivu.